Betri Iliyofundishwa Kukataa

Mwaka 1989 kampuni ya Apple iliingiza sokoni kompyuta ya kubebeka iliyoitwa Macintosh Portable. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 7, na tumboni ilibeba betri ya risasi na asidi, ndugu wa damu wa betri ya gari. Wahandisi waliiunganisha betri hiyo kwa mfuatano na umeme wa ukutani, kwa hiyo betri ilipochoka na kushindwa kushika chaji, mashine nzima iligoma kuwaka hata ikiwa imechomekwa. Ilikuwa kero kubwa kwa mwenye mashine, lakini haikuwa fumbo. Fundi mwenye mita alipima volti, akaiona betri imekufa, akatafuta nyingine. Miaka 6 baadaye, mwaka 1995, Duracell na Intel walitoa kanuni za kile walichokiita betri erevu, na tangu hapo sababu ya betri kutochaji ikaanza kuhamia mahali ambapo mita haifiki. Nadai hapa kwamba historia ya betri ya kompyuta mpakato ni historia ya uamuzi uliohama. Zamani mtu ndiye aliyeamua kama betri ichajiwe au itupwe. Leo betri yenyewe inaamua, na nyingi kati ya hizo tunazoambiwa zimekufa zimekataa tu. Kuhama huko kulikuwa na sababu ya haki, nayo ni moto. Kisichokuwa na haki ni kwamba sababu za kukataa ziliandikwa ndani ya betri, kisha kitabu kikafungwa mbele ya mwenye mali na mbele ya fundi wake.

Ili kuona kilichopotea, inabidi turudi kwenye betri ya risasi, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Hii ndiyo betri iliyowafundisha mafundi wa Afrika Mashariki kazi ya kuchaji. Kabla paneli za jua hazijaenea, nyumba nyingi za vijijini Kenya na Tanzania ziliendesha redio na televisheni ya picha nyeusi na nyeupe kwa betri ya gari, iliyofungwa nyuma ya baiskeli na kupelekwa mjini kulala kwenye chaja usiku kucha. Betri ikikataa kujaa, fundi alifungua vifuniko 6 juu yake, kimoja kwa kila seli, akatazama. Maji yakiwa chini ya mabamba aliongeza maji ya betri. Kisha alichovya hidromita katika kila seli: uzito wa asidi ukiwa karibu na 1.27 seli imejaa, ukishuka kuelekea 1.1 seli ni tupu. Seli 5 zikisoma sawa na moja ikisoma chini, hapo pana jibu, na mteja anaweza kuinama akaliona mwenyewe. Weupe uliotanda kwenye mabamba ulieleza kwamba betri ililala tupu kwa muda mrefu. Mapovu wakati wa kuchaji yalionyesha seli inayofanya kazi. Hata bei ya fundi iliweza kujadiliwa kwa haki, kwa sababu ushahidi ulikuwa mbele ya watu wote wawili.

Betri za nikeli na kadimiamu, alizozianzisha Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899, zilifunga vifuniko hivyo lakini hazikufunga akili ya fundi. Ndizo zilizoendesha kompyuta za kwanza zilizotembea kweli bila waya, kama Epson HX-20 ya mwaka 1982, yenye ukubwa wa karibu karatasi moja ya kuandikia, na Toshiba T1100 ya mwaka 1985. Zilituachia pia desturi ambayo imeishi kuliko zenyewe. Betri ya nikeli na kadimiamu ikichajiwa mara kwa mara kabla haijaisha, kila siku katika kiwango kilekile, huweza kuanza kushusha volti mapema kana kwamba inakumbuka mahali ilipozoea kuishia. Jambo hili lilijulikana kwanza kwa setilaiti, ambazo ziliingia na kutoka katika kivuli cha dunia kwa mpangilio usiobadilika. Kutoka hapo likazaliwa agizo la kuimaliza betri kabisa kabla ya kuchaji, na jingine la kuichaji mpya kwa masaa 8 kabla ya kuiwasha. Maagizo hayo yalikuwa na maana kwa nikeli. Kwa lithiamu hayana maana, na la kwanza linaidhuru. Bado yanatolewa madukani hadi leo kwa sauti ya uhakika, na wala siwalaumu wanaoyatoa: mtu hushika kanuni ya mwisho aliyowahi kuelezwa, na tangu nikeli iondoke hakuna aliyekaa chini kumweleza fundi kanuni mpya.

Lithiamu ilikuja na moto. Stanley Whittingham, akiwa mtafiti wa kampuni ya mafuta ya Exxon katika miaka ya 1970, alitengeneza betri ya lithiamu inayochajika, lakini upande wake mmoja ulikuwa chuma tupu cha lithiamu, na kila ilipochajiwa chuma hicho kiliota miiba midogo iliyoweza kutoboa kizuizi cha katikati na kupiga shoti. Mwaka 1989 kampuni ya Moli Energy ya Kanada, iliyokuwa imeuza betri za jamii hiyo kwa simu za mkononi nchini Japani, ililazimika kuziondoa sokoni baada ya ajali za moto. Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa imeshafunguliwa. John Goodenough alionyesha huko Oxford mwaka 1980 kwamba oksaidi ya kobalti huweza kuhifadhi lithiamu kwa volti ya juu. Rachid Yazami, mzaliwa wa Morocco, alionyesha karibu mwaka huohuo kwamba grafaiti huweza kuipokea na kuitoa. Na Akira Yoshino wa Asahi Kasei akaunganisha oksaidi ya Goodenough na kaboni mwaka 1985, ili chuma tupu kisihitajike tena. Sony ikaiuza mwaka 1991. Whittingham, Goodenough na Yoshino walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Yazami hakuwamo.

Seli iliyotokana na kazi hiyo ni hodari lakini haina msamaha. Seli ya kawaida ya kobalti haitakiwi kupita volti 4.2 inapojaa. Ikipitishwa, joto hupanda na gesi hujikusanya. Ikishuka sana, chini ya volti 2.5 hivi, na kuachwa hapo, karatasi ya shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na siku ya kuchajiwa tena shaba hiyo hujijenga mahali isipotakiwa na kuandaa shoti. Ikichajiwa kwenye baridi kali, lithiamu hujipaka juu ya grafaiti badala ya kuingia ndani yake. Betri ya risasi ikichajiwa kupita kiasi humaliza maji, na maji huongezwa. Lithiamu haina kifuniko cha kufunguliwa wala maji ya kuongezwa. Kwa hiyo mlinzi alihitajika ndani ya betri tangu siku ya kwanza, yaani saketi ndogo inayopima volti ya kila safu ya seli na kukata njia mambo yakiharibika. Kompyuta ya Apple iitwayo PowerBook 5300, ya mwaka 1995, iliondolewa betri zake za lithiamu na kupewa za nikeli baada ya moto kutokea mwanzoni kabisa. Anayemchukia mlinzi huyo aukumbuke moto huo.

Mlinzi, hata hivyo, hakubaki mlinzi. Kanuni za mwaka 1995 zilimgeuza kuwa karani na kisha hakimu. Katika mpango wa Duracell na Intel, betri huzungumza na kompyuta kupitia nyaya mbili nyembamba za mawasiliano, na ndiyo inayoieleza chaja volti na mkondo inaoutaka. Chaja, ambayo tangu enzi za Planté ilikuwa bwana, ikawa mtumishi. Betri ikisema sifuri, chaja hutoa sifuri. Ndani ya chipu yake huandikwa uwezo ambao betri ilitengenezwa nao, uwezo iliobaki nao, idadi ya mizunguko ya chaji iliyopita, joto, tarehe ya kutengenezwa, namba yake, na katika betri nyingi alama ya hitilafu ya kudumu ambayo ikishawekwa haifutiki kwa matumizi ya kawaida. Nyingine huunguza kabisa fyuzi ya ndani ili hukumu isikatiwe rufaa.

Tazama sasa mtu ambaye kompyuta yake imechomekwa, taa ya adapta inawaka, na kwenye kioo anasoma kwamba umeme upo lakini betri haichaji. Macho yake hayamwambii lolote, na sababu zinazoweza kuwa nyuma ya neno hilo moja hazifanani hata kidogo. Pengine joto limepita nyuzi 45 hivi, kiwango ambacho chipu nyingi husimamisha chaji, na katika chumba chenye joto la pwani, kompyuta ikiwa juu ya mto wa kitanda, kufika hapo si kazi. Pengine mtengenezaji au mwenye mashine alishaweka mpaka wa asilimia 80 ili kurefusha maisha ya betri, na betri imetii. Pengine adapta haikutambuliwa: kompyuta za Dell kwa miaka mingi zimetumia pini nyembamba katikati ya plagi, ambayo kazi yake ni kusoma chipu ya utambulisho ndani ya adapta, na pini hiyo ikipinda au waya wake ukikatika, umeme unafika salama, kompyuta inawaka, ila betri haipewi kitu. Pengine safu moja ya seli imetofautiana na nyingine. Pengine betri ilikaa kabatini miezi mingi ikashuka chini ya kiwango, na chipu inaogopa ile shaba. Na pengine hukumu ya kudumu imeshaandikwa. Mtu wa kwanza anahitaji kuhamisha mashine mezani, wa pili hahitaji kufanya chochote, wa tatu anahitaji waya, wa mwisho anahitaji betri. Wote wanne huishia kuuziwa betri, na yule wa waya akifika nyumbani anakuta hata ile mpya haichaji.

Ndiyo maana nasema utafutaji wa hitilafu umegeuka kazi ya kuhoji kumbukumbu. Anayeanza na adapta nyingine inayotambulika, akafuata mipangilio, akapima joto, kisha akasoma rekodi za betri, ameyafuata mamlaka kwa mpangilio wake, kutoka nje kwenda ndani. Windows imekuwa na amri ya kutoa ripoti ya betri tangu toleo la 8, la mwaka 2012, nayo huweka uwezo wa awali kando ya uwezo uliobaki. Hiyo ndiyo hidromita ya siku hizi, na inasikitisha ni wangapi wanaomiliki kompyuta kwa miaka bila kuelezwa kwamba ipo. Lakini hidromita ilipima asidi yenyewe. Ripoti hii inasimulia tu yale ambayo chipu inayaamini, na chipu hukosea. Huhesabu umeme unaoingia na kutoka, makosa madogo hujikusanya mwezi hadi mwezi, na hatimaye betri inayosema asilimia 30 inazimika ghafla. Kuiacha ishuke mpaka kompyuta ijizime yenyewe, kisha kuichaji hadi ijae, husahihisha hesabu. Seli hazipati nafuu yoyote. Wengi wameiona hesabu ikirekebishika wakadhani wamethibitisha lile agizo la zamani la nikeli.

Kuna pingamizi la haki ambalo mtu wa kemia atalileta hapa: kwamba ninaipa chipu lawama za seli. Betri huzeeka. Lithiamu inayozunguka hupungua, tabaka hujijenga juu ya grafaiti, na hakuna kitabu kilichofunguliwa kitakachoifufua seli iliyoisha. Nakubali kabisa kuhusu seli, lakini swali letu ni nani anatangaza kifo, na kwa ushahidi gani. Betri ya kawaida ya kompyuta za miaka ya 2000 ilikuwa na seli 6 za duara, kila moja kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, zimepangwa safu 3 za jozi. Safu moja ikidhoofika betri nzima huhukumiwa, na seli 4 nzima huzikwa pamoja na 2 zilizochoka. Mwaka 2014 watafiti wa IBM nchini India walichunguza betri za kompyuta zilizokwisha kutupwa wakakuta kwamba karibu asilimia 70 kati ya hizo zilikuwa na nguvu ya kuwasha taa ya LED kwa zaidi ya saa 4 kwa siku, mwaka mzima, wakatengeneza kifaa cha kuzitumia hivyo na kukijaribu Bangalore. Taa si kompyuta, na betri iliyochoka kwa kazi moja yaweza kuifaa nyingine. Hata hivyo neno "imekufa" lilikuwa limeshatamkwa juu ya zote. Upande wa pili wa ushahidi huu wanaujua mafundi waliowahi kubadilisha seli zote ndani ya betri na kuweka mpya: katika aina nyingi betri hubaki inakataa, kwa sababu chipu bado inazishikilia kumbukumbu za seli ambazo hazimo tena. Hapo kemia haina la kujibu. Seli ni nzima, volti ipo, kinachokataa ni maandishi.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Watengenezaji husema chipu imefungwa ili mtu asiyejua asiondoe ulinzi na kuchoma nyumba. Hofu hiyo naiheshimu, lakini historia haikubali kwamba usiri ndio unaotulinda. Mwaka 2006 Dell iliondoa sokoni betri milioni 4.1 zenye seli za Sony, Apple ikaondoa milioni 1.8, na kampuni nyingine zikafuata. Sababu iliyotajwa ni vipande vidogo vya chuma vilivyoingia ndani ya seli kiwandani. Betri zile zilikuwa na chipu na zilikuwa zimefungwa, na chipu haikuona kitu kwa sababu shoti ilitokea ndani ya seli, mahali ambapo mlinzi hana jicho. Miaka 5 baadaye mtafiti Charlie Miller alionyesha kwamba chipu za betri za kompyuta za Apple zilikuwa zinalindwa kwa nywila za kiwandani ambazo hazikubadilishwa, akaweza kuzifungua, kuziandika upya na hata kuziharibu kabisa betri zisichaji tena. Basi kufuli lile halikumzuia mtu mwenye ujuzi na nia. Aliyezuiwa ni fundi wa mtaani aliyetaka kusoma tu. Na fundi asiyeweza kusoma hufanya nini? Huishtua betri. Huchukua chaja ya nje, hugusisha nyaya kwenye seli zilizolala hadi volti ipande, na kuirudisha. Mara nyingine inafaa, mara nyingine ndiyo ileile shaba iliyoyeyuka inayosubiri. Kama angeweza kuona kwamba seli zilikaa tupu kwa miezi 8, asingethubutu. Anayeficha tarehe hiyo kwa jina la usalama amemwachia fundi kubahatisha na moto.

Wala simwombi msomaji aipambe enzi ya risasi. Uwazi wake ulikuwa wa ndani ya karakana. Nje ya karakana risasi iliua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano dhidi yake, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Betri iliyosomeka haikuwa betri safi. Ila lithiamu nayo ina mtaa wake. Kobalti ya seli hizi hutoka kwa sehemu kubwa katika ardhi ya Kolwezi na maeneo yake, kusini mashariki mwa Kongo, ambako wachimbaji wadogo hushuka mashimoni kwa kamba na kuitana kwa Kiswahili. Kila betri inayotupwa kwa hukumu isiyosomeka inaagiza kobalti nyingine kutoka mashimo hayo. Kwa anayezungumza lugha moja na wachimbaji, jambo hili lina uzito wake.

Sheria imeanza kugusa suala hili, na namna inavyoligusa inaonyesha ugumu ulipo. Tangu mwaka 2008, MacBook Air ilipotoka na betri isiyotoka kwa kubonyeza kitasa, betri zimekuwa zikizidi kuzama ndani ya mashine, na baadaye nyingine zikagundishwa kwa gundi. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kwamba kuanzia Februari 18, 2027, mtumiaji aweze kuitoa na kuibadilisha mwenyewe betri ya kifaa cha kubebeka, na inakataza programu kutumika kuzuia betri nyingine inayolingana isifanye kazi. Huo ni ushindi wa kifuniko. Lakini kanuni hiyohiyo, inapofika kwenye haki ya mnunuzi kusoma hali ya afya iliyoandikwa ndani ya betri, inaitoa kwa betri za magari ya umeme, za vyombo vidogo kama skuta, na za kuhifadhi umeme wa majengo. Ya kompyuta mpakato haikutajwa. Mwenye skuta ana haki ya kukisoma kitabu cha betri yake. Mwenye kompyuta atakuwa na haki ya kuitoa yake, kuishika mkononi, na kununua nyingine.